Mkalimani wa Soba Hausi

Nyumba yetu ilikuwa na televisheni moja yenye kisogo kirefu, na rimoti yake ilifungiwa kabatini pamoja na sukari, nyembe na pesa za sokoni. Mwalimu, msimamizi wetu, alivihesabu vitu hivyo vinne kila usiku kabla ya kulala. Muulize yeyote aliyepita pale mwaka 2012, atakwambia kilichoibwa zaidi ni sukari, kwani mwili ulioachishwa brauni, yaani heroini, hulilia utamu kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mimi mwenyewe niliwahi kulamba kopo la sukari saa nane za usiku mpaka chini, nikalirudisha mahali pake, na asubuhi nikawa wa kwanza kumlaani mwizi.

Jumamosi usiku ilikuwa ya filamu. Tulizoea za Kihindi na za ngumi, ambazo hazitaki maelezo: mbaya unamjua kwa sharubu, na mwema risasi hazimpati. Jumamosi hiyo Mwalimu akaja na diski isiyo na picha, imeandikwa jina kwa kalamu ya wino tu: Clean and Sober.

"Leo hamna ngumi," akasema. "Papasi, wewe si unajua Kizungu? Kaa hapa mbele uwatafsirie wenzako."

Papasi lilikuwa jina langu la mjini kabla halijawa jina langu mle ndani. Kwa asiyetujua, papasi ni mdudu mnyonya damu; na Unguja ni kijana anayemganda mtalii tangu anashuka boti mpaka anapotoa dola. Kazi hiyo niliianza nina miaka kumi na minane, nikisubiri boti za Dar es Salaam pale Malindi. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha, Kitaliano cha kuombea chai na Kifaransa cha kutongozea. Hoteli ikinipa kamisheni, nusu ilikwenda kwa Mama na nusu mfukoni mwangu. Baadaye yote ikawa inakwenda maskani.

Brauni kwetu haikuwa ngeni. Ilikuwepo tangu miaka ya 1980, kabla sijajua kusoma. Ilitoka mashamba ya Afghanistan, ikateremka hadi pwani ya Makran, ikapanda majahazi, ikapita Bahari ya Hindi ile ile iliyowaleta babu zetu na tende zao. Ikifika kwetu Ng'ambo imeshakuwa kete, kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nilianza na kokteli, bangi na tumbaku vikanyunyiziwa unga kwa mbali, na kwa mdomo wangu nikaapa kwamba mimi na sindano hatutakutana. Miaka mitatu baadaye nilikuwa natafuta mshipa mguuni, maana ya mikononi ilikuwa imeshakwisha.

Mtu akiniuliza nilikuwa mwizi wa namna gani, humpa kisa cha jenereta. Desemba 2009 umeme unaotoka Bara ulikatika, na Unguja tukakaa gizani miezi mitatu. Wenye uwezo wakanunua majenereta, mji mzima ukawa unanguruma. Mjomba naye akanunua lake dogo, la kuendeshea friji la duka. Usiku wa nne halipo. Nilizunguka na Mjomba mitaa yote, kurunzi mkononi, namtafutia mwizi wake, na kila tukikuta watu barazani mimi ndiye ninayeuliza kwa ukali. Teja hana mshindani katika kutafuta alichokiiba mwenyewe.

Lakini kilichonipeleka soba hausi hakikuwa jenereta. Kilikuwa upatu.

Mama alikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake kumi na wawili wa mtaani. Kila mmoja alitoa shilingi 50,000 kwa mwezi, na mwenye zamu akachukua 600,000. Fedha zilikaa usiku mmoja kabatini kwa Mama, zimefungwa kwenye pindo la kanga kuukuu, kesho yake zinakabidhiwa mbele ya mashahidi na chai ya tangawizi. Zamu ya mwezi ule ilikuwa ya jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akimwoza binti yake. Nilizichukua Alkhamisi baada ya Isha. Hata kanga niliiacha imekunjwa vizuri.

Jumapili sikuwa na fedha, wala unga, wala mlango wa kugonga. Nilipita nyuma ya nyumba yetu nikachungulia, nikawaona wale wanawake wamekaa barazani. Hawakuwa wanapiga kelele. Wamekaa tu, mabuibui yamefunika miguu, na Mama katikati yao ameangalia chini. Kelele ningezivumilia.

Nyumba za upataji nafuu, ndizo hizo soba hausi, zilianza kwetu mwaka 2009, na walioziendesha walikuwa vijana waliotoka huko huko kwenye unga. Mara ngapi nilipita mbele ya geti lao nikiwacheka, watu wazima wanafagia uwanja kama wanafunzi wa chuo cha Kurani! Jumapili ile nikaiona faida yake. Geti linafungwa, mgeni haingii bila ruhusa, simu ni marufuku. Mtu anayetafutwa na wanawake kumi na wawili angepata wapi maficho mazuri kuliko yale? Nikapiga hodi, nikasema nimechoka na unga nataka kubadilika, na nikalia. Machozi hayakunigharimu kitu. Arosto, maumivu ya kukosa unga, ilikuwa imeshaanza, nayo hukutoa machozi na kamasi bila ya kukuuliza una huzuni gani.

Arosto yenyewe nitaipita upesi, kwani kila teja anaisimulia kama mzee anavyosimulia vita. Unapiga miayo mpaka taya zinauma. Malaika yanakusimama kwenye jua la saa saba. Tumbo linafunguka, mifupa inawasha kwa ndani mahali pasipokuniwa, na miguu inapiga mateke usiku kucha kama si yako. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, tangu Februari 2011 walikuwa wakitoa metadoni: mtu anafika kila siku, anakunywa dawa yake mbele ya mhudumu, anakwenda zake akiwa ametulia. Sisi tulikuwa na uji, maji ya baridi, mafuta ya nazi na mwenzako wa kukushika. Simwambii mtu njia yetu ilikuwa bora. Ndiyo iliyokuwepo.

Siku ya kumi mwili ukatulia, na ulimi ukarudi kwenye kazi yake. Kila asubuhi tulikaa duara, kila mmoja anasema jina lake na kwamba yeye ni mraibu, wenzake wanaitikia kumkaribisha. Nilikuwa hodari. Niliwahi kuwaeleza watalii habari za soko la watumwa mpaka wakatokwa na machozi, sasa nitashindwa kueleza habari zangu? Nilizungumza juu ya marehemu baba, juu ya umaskini, juu ya marafiki wabaya. Watu walitikisa vichwa. Upatu sikuutaja. Mwalimu alinisikiliza akichokonoa meno kwa kijiti, na siku moja alipokuwa akinipita alisema, "Unasema vizuri sana, Papasi," kwa sauti ambayo sikuipenda.

Basi Jumamosi ile, siku yangu ya kumi na tisa, nikakaa kwenye stuli mbele ya televisheni, nikiwatazama wenzangu ishirini na kitu wamejipanga juu ya mikeka.

Filamu ilitoka Marekani mwaka 1988, imeongozwa na Glenn Gordon Caron. Uso wa kwanza ulipotokea tu, mtu wa nyuma akapiga kelele, "Huyu si Batman?" Kweli alikuwa Michael Keaton, ambaye mwaka uliofuata, 1989, ndiye aliyevaa lile vazi jeusi. "Lahaula, Batman naye teja!" Nyumba ikacheka. Hatukucheka muda mrefu. Batman yule anaitwa Daryl, anauza nyumba mjini Philadelphia. Asubuhi simu inalia, yuko kitandani, na mwanamke aliyevuta naye kokeini usiku hajiwezi, moyo umemgoma. Na kazini ameshachota dola 92,000 za watu.

"Ngapi?" akauliza mtu.

"Elfu tisini na mbili. Za mteja. Aliwekewa amana, akazila."

Nilipolitamka neno amana nikahisi masikio yanapata moto.

Sasa Daryl anatafuta mahali pa kukimbilia. Anasikia habari za kituo cha kutibu uraibu ambako siri za mtu hazitoki nje. Anakwenda. Haendi kupona, anakwenda kujificha. Hapo ilibidi niwaambie wenzangu kwa nini anakwenda, na ulimi ulikuwa mzito, hata Mwalimu akasema, "Tafsiri basi, wanasubiri."

"Anakwenda kujificha," nikasema.

Kimya. Sikusikia hata mkeka unalia. Baadaye nilikuja kujua kwamba kati ya ishirini na kitu tuliokuwa pale, mmoja alikuwa anajificha polisi, mmoja baba mkwe, wawili walikuwa wanamkimbia muuza unga yule yule, na mmoja aliletwa amefungwa kamba na kaka zake. Aliyekuja kwa sababu amechoka na unga hakuwepo hata mmoja. Kila mtu alidhani yeye peke yake ndiye mwongo.

Kutafsiri papo kwa papo kuna shida yake. Ukisema "anasema kwamba, anasema kwamba," filamu inakuacha. Bara walikuwa na marehemu Lufufu, aliyekuwa akiziingizia filamu sauti ya Kiswahili mpaka mtu akasahau kwamba mchezaji ni Mchina. Mimi sikuwa Lufufu, lakini nilijifunza kwake jambo moja: usiseme "yeye", sema "mimi". Kwa hiyo Daryl akikana kwamba ni mraibu, mimi nilisema, "Mimi si mraibu, nimekuja kupumzika." Daryl akimlaghai mshauri wake, nilimlaghai mimi. Mshauri huyo ni Morgan Freeman, naye katika filamu amepitia huko huko, kwa hiyo uongo wa Daryl anausikia harufu kabla haujafika. Kila Freeman alipomkazia macho Daryl, kuna watu walimtazama Mwalimu.

Filamu zetu za Kiswahili za siku hizo zilikuwa na teja wa aina mbili. Wa kwanza wa kuchekesha, anasinzia amesimama, suruali inamteremka. Wa pili wa kuombewa, anaanguka, anatoa povu, anainuka mzima, na mchumba anamsubiri mlangoni na maua. Tulizipenda, hatukuziamini. Huyu wa Philadelphia alivaa tai. Alikuwa na maneno mazuri. Hakuna aliyemwona teja mpaka amana ilipoliwa. Na ndani ya kituo walikaa duara kama letu, kwenye viti badala ya mikeka, wakapita njia ile ile ya Hatua Kumi na Mbili iliyobandikwa ukutani kwetu. Mara kadhaa niliijua sentensi kabla hajaisema.

Ikafika mahali Daryl anampigia simu mama yake kumwomba fedha. Ni tukio dogo. Sauti ya mama huisikii vizuri, unamwona tu mwana anavyobadilika: analainisha sauti, anacheka kidogo, anakasirika kidogo, anarudi kulainisha. Niliijua ngazi ile kila kidato chake. Nikawa natafsiri mbio, "Mama, ni muda mfupi tu, mama, nisikilize, nitazirudisha, hakuna atakayejua, nitazirudisha zote kabla ya zamu ya jirani…"

"Simamisha," akasema Mwalimu.

Mtu akaisimamisha filamu. Uso wa Keaton ukabaki umeganda, mdomo wazi.

"Hiyo zamu ya jirani," Mwalimu akauliza taratibu, "imo kwenye filamu?"

Sikujibu. Kijana mmoja wa Kipemba, mdogo kuliko sote, akasema bila ubaya wowote, "Labda kule Marekani nako wanacheza upatu." Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, na katikati ya kicheko nikaona sipati pumzi. Mwalimu alimpa ishara mwenye rimoti, filamu ikaendelea. Hakuniuliza kitu tena usiku ule. Nilitafsiri mpaka mwisho kwa sauti iliyokwaruza.

Ndani ya kituo Daryl anakutana na mwanamke anayeitwa Charlie, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, naye mraibu, naye anaishi na mwanamume anayemrudisha kwenye unga. Daryl anampenda. Sisi kwenye mikeka tukampenda pia, tukaanza kuwapangia harusi. Halafu Charlie anarudi kwenye dawa, na anakufa barabarani, ndani ya gari yake. Hivyo tu.

"Rudisha nyuma," akasema Mpemba. "Pengine hakufa."

Ikarudishwa nyuma. Alikufa tena.

"Sasa wamemuulia nini?" akauliza, na macho yake yalikuwa ya mtoto. "Filamu si yao wenyewe? Wangeweza kumwacha."

"Wangeweza," Mwalimu akasema. "Zile nyingine zote wanaachwa."

Mwishoni Daryl anasimama mbele ya watu, anapewa kidude cha duara cha kutimiza siku thelathini, na anazungumza. Mwanamke ameondoka, na aliyoyaharibu hayajatengenezeka. Anasema yeye ni mlevi na mraibu. Nikatafsiri kama nilivyozoea, kwa "mimi", nikataja jina lake: "Mimi naitwa Daryl, mimi ni mraibu." Nyumba nzima, kwa mazoea ya kila asubuhi, ikaitikia kwa sauti moja:

"Karibu, Papasi!"

Asubuhi yake kwenye duara Mwalimu hakunipa hotuba. Alisema maneno matatu: "Upatu wa nani?"

Nikaeleza. Safari hii nilieleza vibaya, nikigugumia, bila baba marehemu na bila marafiki wabaya. Nilitaja kiasi. Nilitaja pindo la kanga. Nilitaja wanawake barazani. Nilipomaliza hakuna aliyetikisa kichwa. Yule anayejificha baba mkwe akasema, "Zamu yangu sasa," akaanza.

Siku ya thelathini nilipewa kishikio cha funguo cha rangi ya chungwa. Ni desturi ya Narcotics Anonymous, chama kilichoanzia California mwaka 1953. Kila kipimo cha siku kina rangi yake, na hivyo vyetu alituletea ndugu mmoja kutoka Mombasa. Tulivishika tukacheka. Kati yetu hakuna aliyekuwa na ufunguo, wala nyumba mjini ambayo ingetuachia wa kwake. Mpemba alikitia kidoleni kama pete.

Yeye aliondoka siku ya arobaini na kitu. Alisema anakwenda kumtazama shangazi, arudi kabla ya Magharibi. Tulimkuta siku ya pili, maskani ya zamani, ameegemea ukuta. Alichoma kipimo kile kile alichokuwa akichoma zamani, na mwili ulikuwa umeshakisahau. Hakuna mtu aliyetwambia kwa maneno mepesi kwamba saa ya hatari kuliko zote ni ile unapokuwa msafi. Siku hizi kila anayepita mikononi mwangu namwambia siku ya kwanza. Kwenye mazishi tulikaa nyuma. Nilikuwa nikifikiri upuuzi, kwamba filamu inaweza kurudishwa nyuma.

Mama alikuja kunitazama siku ya sitini, baada ya kukataa mara mbili. Alileta mkate wa kumimina kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Mwalimu akaomba radhi, akauchukua, akaukata vipande vidogo vidogo mbele yetu kuhakikisha hakuna kilichofichwa ndani. Mama alitazama kisu kikipita kwenye mkate wake na hakusema kitu. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Ile ya barazani niliikimbia; hii nilikaa nayo uso kwa uso.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenenepa."

Mikono yake ilikuwa mitupu. Zile bangili mbili za dhahabu, za harusi yake, nilizokuwa nikizisikia zikigongana tangu niko mgongoni, hazikuwepo. Nilianza maneno niliyoyapanga, ya kuomba msamaha na kurekebisha niliyoyaharibu, kama Hatua zinavyotaka. Akaniacha niseme mpaka nikafika kwa wale wanawake.

"Wale wameshalipwa," akasema. "Mimi bado."

Nilikaa miezi minne, nikatoka, nikapata kazi ya kupakia mizigo kwenye boti, kazi isiyotaka maneno mengi. Mama akatoa daftari la upatu. Chini ya majina kumi na mawili ya wanawake akaandika la kumi na tatu, langu, jina kamili la shule, akalichorea mstari. Tulikubaliana shilingi 20,000 kwa mwezi. Kila nikileta anatia alama, anafunga daftari, anarudi jikoni.

Daftari hilo lina miezi minne mitupu. Mwezi wa saba tangu nitoke nilianguka. Siku tatu tu, lakini siku tatu za teja hazina "tu". Nilirudi mwenyewe kwenye lile geti, na safari hii sikuwa namkimbia mtu. Mwalimu alinifungulia akasema, "Karibu," kama kwamba nilitoka kununua boflo. Nikaanza kuhesabu kutoka siku ya kwanza. Ndiyo maana nina vishikio viwili vya chungwa. Wengine huficha cha pili. Mimi ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu cha kwanza nilikipata kwa kujificha.

Filamu ile nimeitazama mara nyingi tangu hapo, na nimewatafsiria wengi, maana siku hizi stuli ya mbele ni yangu na kijiti cha meno ni changu. Vijana huuliza kwa nini inaishia pale, siku ya thelathini, wakati mambo ndiyo kwanza yanaanza. Hutaka kujua kama Daryl alipata mke, kama fedha zilirudi. Mimi huona mtengenezaji alifanya adabu. Angeendelea mbele zaidi ingebidi aseme uongo, wa kumponya au wa kumuua. Siku ya thelathini ndiyo anayoweza kuiapia.

Malipo thelathini yalichukua miezi thelathini na minne. La mwisho nililipeleka Ijumaa, baada ya Sala. Mama akatia alama, akapiga mstari chini ya jina langu kama anavyowapigia wanawake waliokwisha zamu, akaingia ndani. Akatoka na ufunguo wa mlango wa mbele, mpya, umechongwa Darajani, bado una vumbi la tupa. Aliuweka juu ya daftari, hakunipa mkononi. Nikaufunga kwenye kishikio, na sote wawili tukajifanya tunatazama kitu kingine.

Jioni ile nililala kwetu kwa mara ya kwanza tangu Alkhamisi ile. Usiku nilimsikia Mama akifungua kabati lake la nguo, akilifunga, na akiuvuta ufunguo. Asubuhi nilimwona anapika chapati, na ule ufunguo wa kabati umefungwa pale pale ulipokuwa siku zote tangu nilipoondoka, kwenye pindo la kanga aliyovaa, fundo limekazwa mara mbili.

Nikamwomba chai. Akanimiminia, akaniwekea kopo la sukari mbele yangu, akarudi kwenye chapati zake.